Kifungu cha Saba, Kipengele cha Duara

Mimi sikuomba toleo jipya. Naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu mapema, kabla hamjaanza kunipa pole. Laptopu yangu ilikuwa nzee, sikatai. Bawaba moja ilishavunjika nikaibandika kwa gundi ya fundi viatu, na feni yake ilikuwa ikivuma mpaka jirani akauliza kama tumefungua mashine ya kukoboa. Lakini ilikuwa inanijua. Nikiandika "mmw" na kugusa kitufe cha nafasi, yenyewe inatandaza: "Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu wajumbe, itifaki imezingatiwa." Nikiandika "kkz", inatoa "Chama cha Kufa na Kuzikana" pamoja na mtaa na sanduku la posta. Mimi ni katibu wa chama hicho tangu 1998, na nusu ya kazi ya katibu ni kurudia maneno yale yale bila kuchoka. Ile laptopu ilikuwa imechukua uchovu wangu wote.

Desemba mpwa wangu akaja likizo. Anasoma mambo ya kompyuta chuoni, na kijana wa namna hiyo ukimwacha sebuleni na laptopu inayofanya kazi ni sawa na kumwacha fundi gari na gari linalotembea. Lazima asikie mlio.

"Mjomba, hii Word yako ni ya 2003."

Alisema kwa ile sauti ya daktari anapokuuliza kama umekuja na ndugu. Nikamjibu najua, wakati inatoka nilikuwepo.

"Mjomba, waliacha kuihudumia tangu Aprili 2014!"

"Hata mimi nilistaafu mwaka huo huo," nikamwambia, "na bado natembea."

Hakucheka. Alikwenda kushauriana na mama yake, mama yake akawapigia wanangu, wanangu wakachangishana, na baada ya siku nne nikaletewa laptopu nyingine ya mtumba yenye kila kitu kipya ndani, pamoja na Word ya kisasa, ile ya kulipia kila mwaka kama ada ya shule. Nilishukuru. Mtu akiletewa zawadi na watoto wake hashindani. Mpwa akachukua flashi, akanakili folda ya nyaraka zangu zote, faili kwa faili, akanionyesha: hizi hapa, Mjomba, hakuna kilichobaki. Kisha akaifuta ile ya zamani ikawa nyeupe kama sanda, akampa mdogo wake achezee magemu.

Hapo ndipo nilipozikwa mimi, na chama hakikutoa hata sanda.

Maana nilikuja kuelewa baadaye kwamba mafaili ni jambo moja na mazoea ni jambo jingine, na havikai chumba kimoja. Barua zangu zilikuwa kwenye folda ya nyaraka, ndiyo. Lakini kile kiolezo cha Word kinachoitwa Normal, ambacho kila ukurasa mpya unazaliwa humo ukiwa na fonti yake na pambizo zake, kilikuwa kwenye folda nyingine ambayo Windows yenyewe imeificha ili watu kama mimi tusiiguse. "Mmw" na "kkz" zilikuwa kwenye faili la tatu, folda nyingine tena. Kamusi yangu binafsi ya maneno niliyoifundisha ilikuwa mahali pa nne. Ni kama mtu amehamisha nyumba akabeba makabati yote, kisha akakumbuka kwamba hati ya kiwanja ilikuwa imefichwa darini. Na nyumba imeshabomolewa.

Kuhusu hiyo kamusi, niacheni niseme kwa kirefu, maana ndiyo inayoniuma. Tangu zamani Word ikiona Kiswahili inakidhania ni Kiingereza kibovu. Inachora mistari myekundu ya mawimbi chini ya kila neno, ukurasa mzima unaonekana kama daftari la mtoto aliyefeli. Dawa ilikuwa kubonyeza neno kwa upande wa kulia na kuiambia: hili neno liongeze, ni halali. Nikaanza. "Marehemu", ongeza. "Rambirambi", ongeza. "Anakuja", ongeza. Kumbe nimeingia mkataba na bahari. Nilipoandika "hatakuja", nyekundu. "Wangekuja", nyekundu. "Alivyokuja", "tulipokuja", "msijekuja", nyekundu tupu. Mwingereza ana neno "come" na wenzake wawili watatu, amemaliza. Sisi neno moja lina wajukuu, kila mmoja anataka atambulishwe kivyake. Nilifanya kazi hiyo jioni kwa jioni, miaka karibu 20, bila mshahara. Ilifika mahali nikiandika muhtasari wa kikao ukurasa unatoka mweupe, isipokuwa jina la mweka hazina, ambalo sikuliongeza kwa sababu zangu.

Sasa fungua laptopu mpya. Bahari ya Shamu.

Mpwa akasema, "Mjomba, unaiambia tu kwamba haya maandishi ni Kiswahili, mistari inaondoka." Kweli ikaondoka. Lakini nikibandika aya kutoka kwenye ujumbe wa mtu mwingine, aya inakuja na uraia wake wa huko ilikotoka, na mistari inarudi. Inabidi niiambie tena. Mtoto anayehitaji kuambiwa kila siku kwamba huyu ni shangazi yako, huyo hajaelewa.

Menyu sitazizungumzia sana. Nilijua ziliondolewa mwaka 2007 zikawekwa utepe mpana wa vipicha, kwa hiyo wenzangu walishalia wakanyamaza, mimi nalia peke yangu kwenye matanga yaliyoanuliwa zamani. Niseme tu kwamba nilitafuta mahali pa kuweka namba za kurasa kwa muda ambao ungetosha kuziandika kwa kalamu.

Fonti je? Kila ukurasa mpya unaanza kwa kitu kinaitwa Aptos. Niliiacha dunia kwenye Times New Roman ukubwa wa 12, nikasikia kwa mbali kwamba mwaka 2007 wamemweka Calibri, na kabla sijamzoea huyo, kaja mwingine. Mpwa anasema ni fonti tu, Mjomba. Nikamwambia fonti si mchezo, waulize Wapakistani. Mwaka 2017 wachunguzi walipewa hati za familia ya waziri mkuu zilizodaiwa kutiwa sahihi mwaka 2006. Wakatazama herufi: Calibri. Fonti ambayo wananchi wa kawaida waliipata mwaka 2007. Ikawa mjadala wa nchi nzima. Sasa mimi nina muhtasari wa 1998 unaoeleza nani alichangia masufuria makubwa ya chama na nani aliahidi tu. Mzozo wa masufuria yale bado haujaisha. Nikimpelekea mtu muhtasari wa 1998 ulioandikwa kwa Aptos, ataniita mwizi wa masufuria mbele ya watoto wangu.

Kusema ukweli, muhtasari huo ulipofunguka kwenye Word mpya ulikuja na Times New Roman yake, mzima kabisa. Lazima niwe na haki. Faili lile niliandika kwa Word 97 ofisini, na kuanzia Word 97 mpaka ya 2003 walitumia umbo moja la faili, hivyo mimi kwa miaka yote hiyo sikujua kama kuna tatizo linaloitwa tatizo. Ni toleo la 2007 lililoleta umbo jingine na kuongeza herufi moja mkiani, "doc" ikawa "docx". Ile mpya ikifungua faili la zamani inaandika pale juu, pembeni ya jina, kwamba imelifungua kwa hali ya utangamano. Neno zuri. Nimewahi kuona hali ya utangamano kwenye harusi, pale mashemeji wasiosemeshana wanapokalishwa meza moja kwa ajili ya picha. Wanakaa. Wanatabasamu. Hakuna anayemmiminia mwenzake soda.

Mpwa alinionyesha jambo ambalo nakiri lilinifurahisha. Faili la docx, kumbe, ni kifurushi. Ukilibadilisha jina mwishoni ukaandika "zip", linafunguka kama mfuko, na ndani kuna mafaili madogo: moja lina maneno yako, jingine lina mitindo, jingine lina mipangilio. Hili la mipangilio, kwa mujibu wa kanuni zao, zilizokuwa zaidi ya kurasa 6,000 zilipotolewa mara ya kwanza, linaruhusiwa kubeba maagizo ya wazee. Kuna agizo linalosema kata mistari kama ilivyokuwa ikikatwa na Word 97. Kuna linalosema panga tanbihi kama Word 97. Kuna linalosema punguza kimo cha herufi kama WordPerfect 6. Lipo hata linalosema herufi kubwa ndogo ndogo zichorwe kama Word 5 ya Macintosh! Nilikaa kimya kidogo. Ni miiko ya ukoo hii hasa. Hakuna anayekumbuka kwa nini ukoo wetu hauli kenge, babu aliyeweka mwiko alishaoza, lakini kila mjukuu anazaliwa nao mfukoni.

"Kumbe wana heshima," nikasema.

"Wana hofu, Mjomba," akasema mpwa. "Wakivunja faili la benki wanashitakiwa."

Nilijaribu kumtisha kwa mifano ya watu wakubwa. Nikamwambia George R. R. Martin wa Marekani, yule wa mazimwi na viti vya chuma, alisema kwenye televisheni mwaka 2014 kwamba anaandika kwa WordStar 4.0 kwenye kompyuta ya DOS isiyo na intaneti, na ni tajiri. Mpwa akanitazama. "Na kitabu chake kilichotoka mwisho kwenye ule mfululizo ni cha mwaka gani, Mjomba?" Nikasema 2011. Tukanyamaza wote wawili.

Lakini kuna faili moja lilinitia jasho kweli. Mwaka 1996 nilikuwa karani, na ofisi yetu ilikuwa na kompyuta moja yenye WordPerfect 5.1: skrini ya bluu, herufi nyeupe, na juu ya vitufe vya F tumelaza kipande cha karatasi kinachoeleza kipi ni kipi, maana bila karatasi ile hata bosi hatoki. F7 kutoka, F10 kuhifadhi, F3 kuomba msaada. Baba alipofariki nilibaki ofisini jioni nikaandika humo wasifu wa marehemu. Faili halina hata mkia, linaitwa BABA tu. Limetoka kwenye diski laini likaingia kwenye sidii, likatoka kwenye sidii likaingia kwenye flashi, na kila nikibadilisha mashine nalihamisha bila kulifungua, kama mtu anavyohamisha sanduku la marehemu. Safari hii nikasema nilifungue. Windows ikaniuliza nataka kulifungua kwa kutumia nini. Ningejua si ningekwambia?

Aliyelifungua ni LibreOffice, ya bure, ambayo mpwa aliipakua kwa bando langu. Hii ni ya ukoo ule ule wa OpenOffice, na wale wa rika langu watakumbuka Jambo OpenOffice, iliyotengenezwa kwa Kiswahili na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikatolewa mwaka 2004. Nilikuwa nayo wakati huo. Nilifurahi kuona menyu ya Kiswahili, kisha nikagundua kwamba sijui "hariri" iko wapi kwa sababu vidole vyangu vilishajifunza kwa Kiingereza. Basi. Mjukuu wa ukoo huo ndiye aliyefungua BABA. Pambizo zimepinda, mstari wa kwanza umeingia ndani kupita kiasi, lakini maneno yote yapo, pamoja na kosa la tarehe ya kuzaliwa ambalo shangazi yangu alinigombeza makaburini. Sikulirekebisha.

Tungeishia hapo ingekuwa heri. Tatizo ni katiba.

Katiba ya chama ni kurasa 4 kamili. Nilihakikisha hivyo mwenyewe nilipoichapa kwa kubana hapa na kulegeza pale, sahihi tatu zikakaa chini ya ukurasa wa 4 zimetulia kama wazee barazani. Januari kikao kiliamua tufanye marekebisho ya kifungu cha 7, faini. Nikafungua katiba ya zamani. Word ikanipa shauri la kulibadilisha faili liwe la umbo jipya, ikanionya kwa maandishi kwamba mpangilio unaweza kubadilika. Mpwa naye alishanionya, tena kwa mdomo. Nikabonyeza. Siwezi kueleza kwa nini. Ni ile hali ya mtu aliyeambiwa rangi haijakauka.

Kisha marekebisho nikayaandika kwenye ukurasa mpya pembeni, nikayanakili, nikayabandika katikati ya katiba. Hapo ndipo Aptos alipoingia kwenye nyumba ya Times New Roman na mizigo yake. Kwenye ukurasa mpya wa Word ya kisasa kila aya inakuja na nafasi yake chini, na mistari imeachana kidogo kuliko ile ya zamani. Si kwa kuona, kwa hisia tu, kama watu wa kwenye benchi wanaosogea kila mmoja kidole kimoja mpaka wa mwisho anaanguka. Aliyeanguka ni mweka hazina. Sahihi ya mwenyekiti, ukurasa wa 4. Sahihi ya katibu, ukurasa wa 4. Ukurasa wa 5 mzima, mweupe, na katikati ya jangwa hilo: "Mweka Hazina ........" Wanachama ni 62. Ukurasa mmoja wa kutoa kopi pale steshenari ni shilingi 100. Mweka hazina mwenyewe ndiye aliyelipa, akaniuliza kama nilikuwa na ujumbe wowote wa kumpa.

Kwa ghadhabu hiyo sikuisoma tena. Nikagawa.

Kikao cha Jumapili kilianza vizuri. Tuna mwanachama mmoja, simtaji, ambaye kwa miaka yote amekuwa ndiye mfadhili mkuu wa kifungu cha 7, kipengele cha tatu: kuzungumza bila ruhusa ya mwenyekiti, faini shilingi 2,000. Siku hiyo mwenyekiti hajamaliza hata salamu, huyu bwana ameshasimama anauliza habari za masufuria. Mwenyekiti akasema, "Ndugu, kaa chini. Elfu mbili. Saba c."

Bwana akafungua katiba. Akavaa miwani. Akaisoma taratibu, akafuata kwa kidole.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba nielekezwe. Naona saba a, kuchelewa. Naona saba b, kutohudhuria maziko bila udhuru. Saba c siioni. Hapa kuna kiduara."

Kopi 62 zikafunguliwa kwa pamoja, mvumo kama wa kuku wanaopigwa na upepo. Kweli. (a) ipo, (b) ipo, na ya tatu ni ©. Nikahisi damu inashuka miguuni. Word ikikuta c kati ya mabano mawili inadhani unataka alama ya hakimiliki, na inakubadilishia hapo hapo bila hata kukohoa. Nilijua! Tabia hiyo niliizima kwenye ile ya zamani miaka mingi nyuma, nikasahau kwamba niliwahi kuizima, maana kitu ukishakizima vizuri hukikumbuki. Kwenye hii mpya nilimwomba mpwa azime ile ya kujipangia namba yenyewe. Akazima hiyo. Hii ya kiduara ilikuwa macho.

Kijana mmoja nyuma, mtoto wa mwanachama aliyekuja kumwakilisha mama yake, akaona atusaidie. "Shikamooni wazee. Alama hiyo maana yake haki zimehifadhiwa."

"Mmesikia?" akasema yule bwana, na sijapata kumwona akiwa na furaha namna ile tangu tumfahamu. "Kuzungumza bila ruhusa. Haki zimehifadhiwa. Basi sasa, kuhusu masufuria..."

Alizungumza dakika 40.

Jumatatu nilikwenda steshenari na faili langu kwenye flashi. Binti wa pale, umri wa mjukuu wangu, akaniamkia, akanisikiliza, akaandika mabano, c, mabano. Kikatokea kiduara. Akabonyeza Ctrl na Z mara moja. Kikarudi kuwa (c). "Hivyo tu, babu." Nikamwuliza kama kuna namna ya kukizima kisirudi tena. Akasema ipo, kwenye mipangilio, lakini kwenye kompyuta yake hapo wameacha hivyo hivyo kwa sababu kila mteja anakuja na tabia zake.

Kopi 62 mpya zimetoka mfukoni kwangu. Mwenyekiti alitaka pia nitozwe faini, akauliza ni kifungu gani kinachomhusu katibu anayeharibu katiba. Tukatafuta kurasa zote, mpaka ule wa 5. Hakipo. Nimeagizwa nikiandike mimi mwenyewe kabla ya kikao kijacho, kiingie kama 7(d).

Nimeijaribu mara tatu kwenye ukurasa mtupu. (d) inabaki (d).